Kalamu Yangu, Daftari Lake

Nilianza kumwonea wivu kwa sababu ya kikombe, na najua jinsi hilo linavyosikika likitoka kwa mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye binti aliyekwisha kuanza kazi. Lakini nisipoanza na kikombe nitakuwa nadanganya. Katika kituo cha akina mama tulichopelekwa na chuo kufanya mazoezi ya kazi, jikoni palikuwa na ubao wenye misumari, na kila mtu wa pale alikuwa na kikombe chake kwenye msumari wake. Sisi wageni tulinywa chai kwa vikombe vyeupe vya kabatini, vyote sawasawa. Wiki ya nne niliingia asubuhi nikamkuta mwenzangu anakunywa chai kwa kikombe cha rangi ya chungwa chenye ufa mdogo penye mkono. Alipomaliza alikisuuza, akakitundika. Nilichukua cheupe changu kabatini, na chai ya siku hiyo niliimwaga nusu.

Mwenzangu huyo ni Mkongo wa mashariki. Alikaa kambini miaka kumi na moja kabla ya kuletwa Sydney na wanawe, akaanza maisha St Marys, akipakia maboksi kwenye ghala. Mimi ni Mkenya, naishi Doonside, vituo vitatu vya treni kabla ya kwake, na kwa miaka tisa nimefanya kazi ya kutunza wazee. Tulikutana darasani, wanawake wawili wenye magoti yanayolia tukisimama, katikati ya watoto wa miaka ishirini. Kwa kuwa mimi natoka kwa watu wa bara na yeye kwao wana lugha yao, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ingawa chake kina Kifaransa ndani na changu kina ukaidi. Aliniita yaya tangu siku ya kwanza. Kwao yaya ni dada mkubwa. Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu. Nilimsahihisha, akacheka, akaendelea kuniita yaya.

Shahada yetu ilichanganya mambo mawili: masomo ya Waaborijini, wenye nchi hii kabla ya sisi sote kufika, na kazi za ustawi wa jamii. Asubuhi tulisoma habari za watu wa Dharug, ambao ardhi yao ndiyo hiyo niliyokuwa nikiegesha gari langu kila siku bila kujua, na mchana tulifundishwa namna ya kumsaidia mama aliyefukuzwa kwenye nyumba. Mimi niliingia masomoni kwa sababu nimechoka kunyanyua miili. Nyumbani nilikuwa karani katika ofisi ya wilaya. Mwandiko wangu ulijulikana. Wakubwa walikuwa wakinituma niandike barua za maana hata walipokuwa na mashine ya kuchapa. Hapa watu walinijua kwa glavu.

Basi huyu dada nilimbeba. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule. Alikuja kwa treni hadi Doonside, mimi nikampeleka chuoni kwa gari. Insha zake nilizipiga pasi mimi. Alikuwa na mawazo mazuri lakini yalikuja yamekunjamana, sentensi moja ikibeba mambo manne, na mimi niliketi naye kwenye maktaba nikiyanyoosha moja moja. Muhula wa tatu tulipewa insha juu ya maofisa wa ustawi wa zamani, wale waliokuwa wakiingia nyumba za Waaborijini na daftari mkononi. Waliandika vyombo vichafu ni vingapi, vitanda ni vingapi, watoto ni wangapi, na siku nyingine gari likaja likawachukua watoto, wengine wasionekane tena na mama zao. Insha yangu ilipata alama ya juu kuliko zote. Mwalimu alisoma aya nzima mbele ya darasa. Mwenzangu alifaulu kwa kuponea chupuchupu. Siku hiyo nilimpenda sana. Nilimnunulia chakula cha mchana na kumwambia asikate tamaa, na nilisema kwa moyo safi kabisa, kwani ni rahisi kumpenda mtu uliyemtangulia.

Ndipo tukapelekwa kituoni, upande wa kwake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya St Marys. Kiliendeshwa na mama mmoja Mwaborijini wa miaka sabini na kitu, mwenye goti bovu na sauti ndogo. Wote walimwita Anti, wazee na watoto, weusi na weupe, nasi tukaambiwa tumwite hivyo hivyo. Ni heshima, kama sisi tunavyomwita mama mtu ambaye hakutuzaa. Kazi ya kituo ilikuwa kukaa na akina mama, kuwasindikiza ofisini, kuwatembelea nyumbani, na kunywa chai nyingi mno.

Mazoezi yalikuwa na sehemu mbili. Wiki sita za kwanza tungekuwa sote wawili, siku tatu kwa wiki. Baada ya hapo kituo kingebaki na mmoja hadi mwisho wa mwaka, na Anti ndiye angechagua. Yule mwingine chuo kingemtafutia ofisi kwingine. Darasa zima lilijua kwamba aliyemaliza mazoezi kwa Anti hakosi kazi, maana neno lake lilisikilizwa upande wote wa magharibi wa mji. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyoitaka shahada yenyewe. Wala sikudhani kama kulikuwa na mashindano. Nani angemchagua mtu ambaye insha zake nilizipiga pasi mimi?

Siku ya kwanza Anti alituketisha uani akatuuliza watu wetu ni akina nani na nchi yetu ni ipi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza vyeti vyangu, miaka yangu tisa kwa wazee, na ile insha. Nilimwambia kwamba nimesoma sana habari za watoto waliochukuliwa. Anti aliitikia kwa kichwa, akasema vizuri, akamgeukia mwenzangu.

Huyu hakutaja hata cheti kimoja. Alimtaja mama yake na bibi yake aliyemlea. Alitaja kilima, na mto waliochota maji, na samaki wadogo wa mto ule, na kaburi la baba yake ambalo hajaliona kwa sababu alizikwa wakati wao wako njiani wanakimbia. Kiingereza chake kilichechemea kote. Anti alisogeza kiti. Aliuliza juu ya mto, kisha akaeleza mto wa kwao yeye, huko alikozaliwa mama yake, na wakakaa kwenye mito hiyo miwili nusu saa nzima. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Hata kwetu kuna mto, tena mkubwa, una mamba. Hakuna aliyeniuliza.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Anti alituchukua kwenda kumtembelea binti wa ndugu yake, msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye mtoto mchanga na mwingine wa miaka mitatu. Watu wa ustawi walikuwa wameanza kumfuatilia. Anti alitaka tumzoee, ili mmoja wetu aje amsindikize kwenye mkutano nao. Njiani alituambia hatuna la kufanya ila kukaa. Niliona ni ajabu kidogo kwenda nyumba ya mtu kukaa tu, lakini nikasema sawa.

Tukakaa. Msichana alizungumza kidogo kidogo, akimwangalia Anti. Mwenzangu alivuta kikapu cha nguo zilizokauka akaanza kukunja, bila kuombwa, kama aliyekuja kwa dada yake. Mimi nilicheza na yule wa miaka mitatu. Saa moja ikapita vizuri. Kisha tulipokuwa tunakaribia kuondoka, mkono wangu uliingia kwenye mkoba wenyewe. Sikuufikiria. Miaka tisa nimefanya kazi mahali ambapo mkubwa wetu anatuimbia kila asubuhi kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Ukimlisha mzee, andika. Ukimgeuza kitandani, andika. Nilitoa daftari langu dogo na kalamu, nikaangalia saa, nikaandika: tumefika saa nne na robo, watoto wawili, mchanga amelala, vyombo kwenye sinki, mama anaonekana amechoka.

Nilipoinua macho msichana alikuwa amesimama. Alikwenda hadi mlango wa chumba alicholala mtoto, akaufunga, akasimama mbele yake na mgongo wake ukiwa umeubana. Hakuwa akiangalia uso wangu. Alikuwa akiangalia kalamu.

"Rudisha kalamu mfukoni, mwanangu," Anti aliniambia.

Niliirudisha. Msichana akasema ana shughuli. Tukatoka. Gari langu liliposimama kituoni, Anti akaniuliza bila kugeuka.

"Ulisema umesoma habari hizi."

"Nimesoma, Anti."

"Basi," akasema, akafungua mlango, akashuka na goti lake.

Ningependelea anigombeze. Nilirudi nyumbani nikaichana ile karatasi vipande vidogo, nikavitia kwenye pipa, halafu nikavitoa nikavitia kwenye pipa la jirani, kana kwamba mtu angekuja kuviunga. Nilijichukia kwa siku mbili. Siku ya tatu kujichukia kulinichosha, nikaanza kumchukia mwenzangu.

Kwa maana kuanzia hapo yeye ndiye aliyekwenda matembezini na Anti. Mimi nilipewa kupanga nguo za msaada chumba cha nyuma: suruali za watoto huku, makoti kule. Dirishani niliwaona wakiondoka, mzee amemshika mwenzangu mkono kwa sababu ya goti, wote wawili wakitembea polepole wakizungumza. Walikuwa wanazungumza nini? Kiingereza chake nilikijua, kilikuwa cha kuombea maji. Lakini Anti, ambaye mbele yangu alisema maneno matano kwa siku, kwa huyu aliongea bila kupumzika. Kisha kikombe kikatundikwa. Kisha mtoto wa yule msichana akawa analala mgongoni kwa mwenzangu, amefungwa kwa kitenge, na akina mama wote wa pale wakataka wafundishwe namna ya kufunga.

Wivu una njaa, unakula chochote. Nilimwonea wivu kwa kitenge, ilhali mimi ninavyo kumi na viwili sandukuni. Nilimwonea wivu hata kwa kambi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: niliwahi kulala nikifikiri kwamba laiti nami ningekuwa na mateso ya kumweleza Anti, badala ya baba karani na mama mwalimu na utoto wenye maziwa kila asubuhi. Mtu anayefikia kuonea wivu ukimbizi wa mwenzake ameshafika mbali. Mama yangu alikuwa na leso iliyoandikwa mwenye wivu ajinyonge, na kila nikifungua kabati niliikuta juu, imekunjwa, maneno yakitazama nje.

Binti yangu alinisikia jikoni nikilalamika. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na alinijibu kwa Kiingereza hicho cha hapa, kisicho na adabu wala ubaya, kwamba nina wivu. Nilimwambia aoshe vyombo.

Wiki ya tano, Jumanne, nilikuwa nikimrudisha mwenzangu nyumbani kwake baada ya kazi. Bado nilimpa lifti. Ningeachaje bila kueleza? Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na daftari langu la mazoezi, lile kubwa la chuo. Kila mwanafunzi alipewa moja. Kila siku unaandika saa ulizofanya na kazi uliyofanya, na mwisho wa wiki msimamizi anatia sahihi. Bila hilo saa zako hazihesabiki. Langu lilikuwa limejaa, kwa mwandiko wa kupendeza, ingawa yaliyoandikwa ni suruali na makoti. Nilimwuliza lake linaendeleaje. Alilitoa mkobani akanifungulia. Kurasa zote zilikuwa nyeupe.

"Yaya, miye sijaandika kitu," alisema. "Vyote biko mu kichwa."

Nilimwuliza kama anajua kwamba chuo kitamkatalia. Akasema anajua, ataona la kufanya. Akaniambia kwamba kambini, mtu mwenye kalamu ndiye aliyejua kama utakula au hutakula, kama jina lako litaingia kwenye orodha ya kusafiri au litaanguka. Ukimwona anaandika, unafunga mdomo. Kwa hiyo yeye hawezi kutoka nyumba ya yule msichana aende akaketi kumwandika. Mkono unakataa. Nilimwambia namwelewa, na nilikuwa namwelewa. Halafu akashuka, akanipungia, na mimi nikabaki nimeshika usukani na wazo jipya.

Alhamisi ya wiki hiyo Anti alipita kwenye chumba cha nguo akaniambia Jumanne nije na viatu vizuri vya kutembelea. Nilidhani tutahamisha maboksi ya stoo. Nilikasirika zaidi.

Ijumaa nilikuwa chuoni. Mwalimu anayesimamia mazoezi, kijana mpole aliyeelemewa na karatasi, aliniuliza kituo kinaendeleaje. Nilimwambia vizuri. Nikamwambia pia, kwa sauti ile ninayoitumia kuzungumza na jamaa za wagonjwa, kwamba nina wasiwasi na mwenzangu. Ni mtu mzuri sana, nikasema, lakini sijui kama ameelewa kwamba daftari lazima liandikwe. Nimeliona, ni tupu, labda anahitaji msaada. Sikusema uongo hata mmoja. Kijana alinishukuru kwa kumjali mwenzangu, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, na wepesi ule uliisha kabla sijafika kwenye gari.

Jumanne asubuhi nilikuja kituoni nimevaa raba, kama nilivyoambiwa. Barua ya chuo ilikuwa imetangulia. Mwenzangu alikuwa amesimamishwa hadi aonyeshe daftari lenye kumbukumbu zake, na wakati amesimamishwa hakuruhusiwa kwenda nyumba ya mtu yeyote. Siku hiyo, saa tano, ndiyo ilikuwa siku ya mkutano wa yule msichana na watu wa ustawi, na aliyemtaka amsindikize ni mwenzangu. Anti aliisoma barua amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya mkebe wa sukari.

"Wameanza kuandika tena," akasema. Hakumwangalia mtu.

Nilijitolea kwenda mimi. Anti alinitazama raba zangu kwa muda, kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akasema hapana, msichana hatakubali. Alikwenda mwenyewe kwa treni na goti lake, akarudi jioni, akapanda ngazi tatu za mlangoni akipumzika kwenye kila moja. Mkutano ulikuwa umeahirishwa, msichana alikuwa amelia mbele yao, na hilo nalo waliliandika. Kikombe cha rangi ya chungwa kilikuwa kwenye msumari wake. Nilikuwa nimepata nilichotaka: jikoni palikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Nilishindwa kula.

Sitaficha jinsi jambo lenyewe lilivyoishia. Nafasi ile aliipata yeye, na mwaka uliofuata akapata kazi pale pale. Msichana watoto wake anao. Mimi chuo kilinitafutia ofisi Blacktown, kazi ya kujaza fomu, ambayo naiweza. Bado nikipita St Marys kwa treni huwa naangalia upande wa pili.

Lakini Jumamosi ya wiki ile ya sita, saa sita mchana, alibisha mlango wangu. Alikuwa na bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kama kwao, na chini ya kwapa alibeba daftari. Binti yangu alimkaribisha, akamwita shangazi, akaenda zake. Mwenzangu alinieleza kwamba chuo kimempa hadi Jumatatu kujaza siku zote, na Anti amekubali kutia sahihi kila ukurasa. Alikuwa pia amempigia simu yule msichana, akamwuliza ni yapi yaandikwe na yapi yasiandikwe. Kwa hiyo sasa yuko tayari. Alichobakiza ni mwandishi. Yeye angechukua wiki nzima kwa Kiingereza chake, na mwandiko wangu unasomeka.

Nilipakua wali, hakuna aliyeugusa. Nikafungua daftari kwenye meza ya kulia, nikatoa kalamu, naye akaanza siku ya kwanza. Alizungumza Kiswahili, mimi nikaandika Kiingereza. Hakuwa na karatasi. Alikumbuka kila siku ilikuwa na mvua au jua, nani alikuja, nani alikaa kiti gani. Siku ya tano mtoto wa mama mmoja pale kituoni aliota jino la chini. Siku ya saba Anti alivimba goti, wakakaa ndani, wakafundishana kusuka. Nilitambua kwamba katika miaka yangu tisa ya kuandika kila kitu, kuna wazee niliowaosha hadi wakafa ambao siwezi kusema hata walipenda nini. Yalikuwa kwenye daftari, basi nikayaacha huko.

Tulifika siku ya nane, ile Jumatano ya kalamu yangu. Nilihisi masikio yakipata moto. Alisema tulimtembelea mama mmoja kijana nyumbani, tukakaa saa moja, yeye akakunja nguo. Nikaandika. Nikangoja, kalamu imesimama. Akasema, siku ya tisa.

Ikaja siku ya kumi na nne. Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tano, kesho yake baada ya kunionyesha zile kurasa nyeupe.

"Ile siku Anti aliniuliza juu yako," alisema. "Aliniuliza, uyu yaya yako anaandikaka nini? Nikamuambia, uyu eko anachunga wazee. Asipoandika, muzee anapewa dawa mara mbili, anakufa. Kalamu yake haiko ya kuchukua batoto ya batu. Nikamuomba akurudishe kwa ile nyumba, ukae tu, ule binti akuzoee. Akasema sawa, Jumanne." Akasukuma bakuli la wali pembeni. "Hiyo usiandike."

Viatu vya kutembelea. Nilielewa viatu, nikaelewa na yale macho ya Anti kwenye raba zangu. Nilihesabu siku kwa vidole chini ya meza, kana kwamba hesabu ingebadilika: Jumatano aliniombea, Alhamisi Anti akaniambia nijiandae, Ijumaa mimi nikaenda chuoni na sauti yangu ya wagonjwa.

Niliweka kalamu chini. Nilimwuliza kama anajua ni nani aliyekwenda kusema.

"Daftari yangu niliionyesha mutu moja tu, yaya."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonikata. Nikamwambia anisamehe. Nikamwuliza basi kwa nini amenijia mimi, wakati kanisani kwao St Marys wamejaa watu wanaoandika Kiingereza kizuri, na wasingemnyima.

"Kule kambi baliandika juu yetu, siye tuko inje," alisema. "Hatukuona banaandika nini. Leo unaandika weye, na miye niko hapa, minaona."

Alinyanyua kiti chake, akakizungusha meza, akakiweka upande wangu. Alikaa hadi bega lake likaligusa langu. Nilisikia harufu ya moshi na mafuta ya nazi kwenye kitambaa chake. Aliokota kalamu, akanirudishia mkononi, kisha akaweka kidole chake mwanzo wa mstari mtupu.

"Siku ya kumi na ine," akasema. "Andika."

Nikaandika. Alikisogeza kidole nyuma ya kalamu yangu, akisoma kila neno kwa sauti ndogo, na lile asilolifahamu alinisimamisha nimweleze maana yake ndipo niendelee. Nilipomaliza sentensi, hakutoa kidole hadi nilipoweka nukta.